Siku mbili Idjwi, sisi wawili



Wengi wenu mmetuuliza, kwenye mkutano wa Jumapili na hata katikati ya soko la Virunga, kama ni kweli tulienda Idjwi sisi wawili tu, bila watoto, bila matanga, bila biashara. Ni kweli. Na kwa sababu habari imeshazunguka mtaa ikiongezewa chumvi (mama mmoja alisikia kwamba tulilala katika hoteli ya wazungu wiki nzima), tumeona heri tuiandike wenyewe.

Tuna miaka kumi na mbili ya ndoa. Jioni moja tulijaribu kuhesabu safari tulizozifanya pamoja tangu harusi. Tulikuta saba: nne za matanga, moja ya harusi ya mdogo wetu kule Butembo, na mbili za kukimbia. Ya mwisho ya kukimbia mnaijua wote. Ni ile ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa asubuhi kwamba tuondoke, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro kichwani, watoto wakishikana nguo wasipotee. Safari ya kwenda mahali kwa sababu tumependa tu kwenda, hiyo hatukuwa nayo hata moja.

Na ziwa liko hapo hapo. Sisi wa Goma tunaamka nalo na kulala nalo. Tunachota maji yake kwa madumu ya njano, tunakula sambaza zake, tunasikia boti za Bukavu zikilia usiku. Lakini kukaa kando yake na kulitazama ni jambo lingine. Mjini, ufuko karibu wote umefungwa na kuta za mahoteli na za nyumba za wenye nacho. Pale palipobaki wazi, kuna foleni ya madumu, kuna wafuaji nguo, na upande wa Himbi hadi Bulengo kuna mazuku, ile hewa nzito inayotoka chini ya ardhi na kulala mabondeni bila rangi wala harufu, ambayo imeshaua mbuzi na watoto. Hakuna mzazi wa Goma anayemwambia mwanawe aende kukaa popote anapotaka kando ya ziwa.

Pesa ilitoka kwenye likelemba. Zamu yetu ilifika mwezi wa nane, dola mia moja hamsini. Mabati ya jikoni yalikula mia moja na kumi, yakabaki arobaini, na hizo arobaini ndizo zilizoleta maneno. Shangazi mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alituambia wazi: “Bunagana imeanguka mwezi wa sita. Watu wa Rutshuru wanalala Kanyaruchinya, wengine ndani ya madarasa. Maandamano ya juzi yameua watoto wa watu. Nanyi munaenda kuoga?” Hatukuwa na jibu zuri kwa neno hilo, na mpaka leo hatuna. Tulimwachia watoto watatu na unga, yeye akawapokea, na tukaenda.

Boti za mbao za kwenda Idjwi tulizipata Kituku. Ambaye hajafika Kituku asubuhi ajue kwamba si mahali pa kwenda na viatu vyeupe. Kuna matope, magunia ya makaa, kreti za bia, mbuzi waliofungwa miguu, na wamama wenye mabeseni ya samaki ambao hawampishi mtu yeyote njia. Vijana wanakushika mkono kila mmoja akikuvuta kwenye boti yake, na kila mmoja anaapa kwamba yake inaondoka sasa hivi. Sisi tulikuwa tumekubaliana nyumbani juu ya maswali matatu, na hatukupanda kabla ya kujibiwa yote. Je, kuna jile ya kila abiria? Je, majina yanaandikwa? Je, mzigo umefika wapi ubavuni mwa boti?

Tunalikazia jambo hili kwa sababu tunalikumbuka la Kalehe. Aprili 2019 boti ilizama upande ule na watu zaidi ya mia hawakuonekana tena. Baadaye Rais Tshisekedi aliagiza kwamba kila anayesafiri ziwani avae jile. Agizo ni zuri. Lakini kati ya agizo na boti iko tabia yetu sisi abiria: jile zinakuwepo, zimerundikwa mbele chini ya magunia, na mtu akiomba moja anachekwa kwamba ni mwoga. Mwanamke aliyejifunga kitenge kizuri hataki kukiharibu kwa koti la rangi ya chungwa linalonuka mafuta. Na mwenye mtoto mgongoni anavalia jile juu ya mtoto, ao anamwachia mtoto kitenge tu na Mungu. Boti ya kwanza tuliyoiuliza haikuwa na jile za kutosha. Ya pili ilikuwa nazo, na papa mmoja mwenye kaye alikuwa anaandika majina, jina la kila mtu na mtaa anakotoka. Tulilipa dola tano kila mmoja, tukavaa jile zetu, tukachekwa, tukakaa.

Mmoja wetu hajui kuogelea. Hatusemi ni nani, lakini wakati boti ilipoacha ukuta wa bandari mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa mwingine kwa nguvu, kiasi kwamba pete iliacha alama.

Kisha ziwa likatulia. Asubuhi Kivu inakuwa kama sahani. Ukigeuka nyuma unaona Goma inavyokaa kwa kweli: mji mdogo mweusi uliotandazwa kati ya maji na moto, na Nyiragongo juu yake umevaa wingu lake. Tukiwa nyumbani tunauona mlima na hatuuoni mji. Kutoka ziwani tuliona vyote viwili kwa mara moja, na tulinyamaza muda mrefu.

Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi. Mnaijua mitumbwi yao, ile inayofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele kama pembe, nyavu zikining'inia. Wanaenda usiku na taa kwa sababu sambaza wanafuata mwanga. Samaki huyu tunayemwona kama wetu wa tangu na tangu aliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Kabla ya hapo bibi zetu hawakuwa wanamjua. Watoto darasani hawatuamini tunapowaambia. Hawaamini pia kwamba zamani sana maji haya yalikuwa yanakwenda kaskazini, upande wa Nile, mpaka milima ya moto ya Virunga ilipoziba njia, maji yakapanda, yakatafuta mlango mwingine kusini, ambao ndio Ruzizi. Kwa hiyo ziwa lenyewe ni mkimbizi wa volkeno, sawa na sisi.

Chini ya boti kulikuwa na maji ya kina kinachozidi mita 400, na huko chini kabisa kuna gesi. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, wameshaanza kuitoa gesi hiyo ya metani na kufanya umeme tangu mwaka wa 2016. Sisi upande wetu bado tunaisimulia tu. Hatukuyasema haya kwa sauti ndani ya boti. Kuna mambo ambayo mwalimu anaweza kuyanyamazia mpaka afike nchi kavu.

Baada ya karibu saa tatu tulishuka Bugarula, kaskazini ya kisiwa.

Idjwi si kijiji kidogo kama wengi wanavyofikiri. Kwa ukubwa ni kisiwa cha pili kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Tanzania. Ni teritwari nzima ya Kivu ya Kusini, yenye machifu wawili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Mkataba wa 1910 uliiweka upande wa Wabelgiji. Vita vya 1914 vilipoanza Wajerumani wakaichukua, wakaishika mpaka 1916. Tangu hapo, mpaka siku ile tulipofika, historia kubwa ilikuwa imeipita pembeni. Vita vingi vilivyotukimbiza sisi wa bara vilikuwa vimepita kushoto na kulia kwake, na wengi waliokimbia walikwenda kujificha kule. Umaskini upo, tena mwingi. Watu ni wengi, mashamba ni vipande vidogo kama leso, barabara ni ya udongo. Lakini saa moja ya usiku tuliona wasichana wanarudi kutoka kisimani peke yao, wakicheka, na hakuna mtu aliyeshtuka. Tulitazamana. Mtu wa Goma akiona hivyo anashangaa kwanza, ndipo anapumua.

Tulipata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya mbao na migomba nyuma. Kitanda, chandarua, beseni la maji ya moto. Dola nane, pamoja na chakula: bugali ya muhogo, sambaza wa kukaanga na lengalenga. Tungepewa hoteli tusingekula vizuri zaidi.

Asubuhi ya pili tuliomba kijana mwenye mtumbwi atupeleke mahali pa kukaa kimya. Alifikiri tunatafuta mteja wa kiwanja. Tulipomweleza kwamba tunataka mchanga tu na maji, alicheka, akatupigia kasia kuzunguka ncha moja ya kisiwa, akatuacha kwenye kiufuko kisichozidi urefu wa vyumba vinne vya darasa. Nyuma kulikuwa na mikaratusi na mgomba mmoja uliojiotea. Mbele, maji ya rangi ya majani mabichi karibu, na ya buluu ya wino mbali. Mchanga ulikuwa mwekundu kidogo, si mweusi kama wetu. Kijana akasema atarudi saa kumi, akaenda. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mtasikitika kusikia kwamba hatukufanya kitu cha kusimulia. Kivu haina mamba wala kiboko, kwa hiyo tuliingia majini bila hofu hiyo, mwenye kujua kuogelea mbele, asiyejua hadi magotini, kisha kiunoni, kisha na jile amejifunga akaelea mgongoni mwake kama dumu tupu akitazama mawingu. Tulikula nanasi. Nanasi la Idjwi likiiva lina utamu unaochoma ulimi, na juisi yake inavuta nyuki kutoka sijui wapi. Tulilala usingizi wa mchana, wote wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

Kisha tukazungumza. Nyumbani kwetu mazungumzo yanakatwa: mtoto analia, umeme unakuja na lazima kupiga pasi, jirani anabisha hodi kuomba chumvi. Lile neno la kiwanja tulikuwa tumeliahirisha kwa mwaka mzima na zaidi. Tuna kiwanja upande wa Buhene. Lava ya 2021 ilisimama karibu nacho. Kutoka pale unaweza kutembea kidogo ukashika jiwe ambalo lilikuwa moto. Mmoja wetu anataka tukiuze twende mbali, hata Butembo, hata Kisangani. Mwingine anasema hatutapata nusu ya bei tuliyolipa, na kwamba Butembo nako kuna mauaji ya upande wa Beni, basi tutakuwa tumebadilisha moto kwa panga. Kila tulipoanza nyumbani tuliishia kununiana siku tatu.

Pale mchangani tulichora kiwanja kwa kijiti. Hapa jiwe, hapa barabara, hapa jirani aliyejenga upya kwa mbao juu ya lava yenyewe, kama Goma ilivyojenga baada ya 2002. Mwenye kutaka kuuza alisema kitu ambacho hakuwa amekisema kabla: kwamba usiku, mlima ukinguruma ao lori likipita, anaamka na kuhesabu pumzi za watoto, kila usiku, tangu Mei ile. Yule mwingine hakuwa anajua. Miaka kumi na mbili kitanda kimoja, na hakuwa anajua. Hapakuwa na mahali pa kwenda kununa, kijana na mtumbwi wake walikuwa bado mbali, kwa hiyo tulibaki pale pale tukaendelea mpaka mwisho. Tuliamua tusiuze mwaka huu, lakini tusijenge pia. Na vitanda vya watoto vihamie chumba cha mbele kilicho karibu na mlango, na mfuko wenye karatasi zetu zote ukae msumarini. Si uamuzi mkubwa. Lakini tuliufanya wote wawili.

Jioni tulikaa jikoni na mama mwenye nyumba, tukimenya ndizi. Tulimuuliza kuhusu papa wa nyumba, kama inavyoulizwa, kwa adabu. Alijibu bila kuacha kisu chake. Alikuwa na kahawa. Miaka ile kahawa ya kisiwa haikuwa na mnunuzi wa maana upande wa Kongo, kodi zilikuwa nyingi, na upande wa pili wa maji, Rwanda, bei ilikuwa afadhali. Basi wanaume walikuwa wanapakia magunia usiku kwenye mitumbwi na kuvuka bila taa ili wasikamatwe. Upepo ukiwakuta katikati, mtumbwi uliojaa kahawa hauna msamaha. Wake zao walikuwa wanasubiri ufukweni alfajiri. Yeye alisubiri asubuhi tatu. Idjwi imejaa wajane wa namna hii, na wote wanajuana.

Tulikumbuka ufuko wetu wa mchana na tukaona haya kidogo, kwa sababu tulikuwa tumesema mbele yake kwamba maji ni mazuri sana. Yeye hakuonekana kuudhika. Alituambia kwamba kwa miaka mingi hakuweza kutazama ziwa, alikuwa anateka maji akiwa amegeuza uso. Sasa analitazama. Kahawa yake anaipeleka kwenye kituo cha kuoshea hapo kisiwani, anapewa kikaratasi cha kilo zake, kwa jina lake, na hakuna anayevuka usiku kwa ajili yake. Vyama vya ushirika vya wakulima ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo, na wanawake wamo mstari wa mbele: Mama Marceline Budza wa Rebuild Women's Hope, ambaye baadhi yenu mmemsikia redioni, anafanya kazi na wamama wakulima wa kahawa wa Idjwi. Sisi wa chama chetu, wenye mradi wa sabuni unaokwama kila mwezi kwenye kuandika hesabu, tungefanya vizuri kwenda kuona jinsi wanavyoandika zile kilo.

Kisha mama akatuuliza swali moja tu: “Mlivaa jile mkija?” Tukasema ndiyo. Akasema, “Na mkirudi mvae.”

Usiku tulitoka nje. Taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga ziwani kama mtaa mwingine wenye umeme kuliko Goma, na kwa mbali tulisikia wanaimba ili wapige makasia pamoja. Kaskazini kulikuwa na mwanga wa Goma na Gisenyi, umeungana, huwezi kujua mpaka uko wapi.

Kurudi tulikuwa tumepanga kupanda boti ya saa sita mchana. Tulipofika gatini tulikuta maji yamebakiza kiganja kimoja kufika ukingo, na bado wanapakia ndizi. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Kivu ya mchana si ile ya asubuhi. Tulikuwa tumeshalipa. Tulishuka. Mwenye boti alikataa kuturudishia pesa, na abiria mmoja alituita watu wa mjini wenye kujidai. Wamama wawili wenye mabeseni walitutazama, wakatazama maji, nao wakashuka. Tuliipoteza dola kumi yetu, tukalala usiku mwingine kwa deni kwa yule mama, ambalo tumeshalilipa kwa njia ya simu, na tukaondoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, ziwa likiwa limelala. Ile boti ya mchana, asante Mungu, ilifika salama. Tungeshuka tena.

Kwa wenye kutaka kwenda: ondokeni asubuhi na mapema, kwenda na kurudi. Bebeni kitambulisho, maji ya kunywa, na faranga ndogo-ndogo, kwa sababu kule chenji ya dola ni shida. Wekeni pembeni pesa ya usiku mmoja zaidi, ili msilazimike kupanda boti msiyoipenda. Mkinunua nanasi, nunueni kwa wamama wa shambani kabla ya gati, ni karibu nusu ya bei. Shangazi tulimletea manne, akayapokea, akasema tumekuwa weusi.

Tulinunua pia jile mbili zetu wenyewe hapa mjini, baada ya kukagua mishono. Zinaning'inia nyuma ya mlango wa mbele, kwenye msumari ulio jirani na mfuko wa karatasi. Mama yeyote wa chama mwenye safari ya Minova, Kalehe ao Bukavu anaweza kuja kuziazima, hata usiku. Azirudishe zikiwa kavu.